Virusi Viwili na Kuku wa Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Kuku wanne wa mke wangu, kati ya ishirini, wanachechemea. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Mke wangu kaniambia nimwite daktari wa mifugo. Nikamwambia wameteguka tu. Nimewakanda kwa maji ya moto. Mmoja kanidonoa kidole gumba. Nguvu bado anazo!

Jumatano, 6 Machi
Wawili wamekufa. Shemeji, kaka wa mke wangu, mjuaji wa kila kitu, kamleta daktari bila kuniuliza. Daktari akampasua mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ini limejaa uvimbe mweupe, kama punje za mahindi. Akasema ni mahepe, ugonjwa wa kuku unaoletwa na kirusi, na huenda kuna kirusi cha pili: kimoja kinavunja kinga ya kuku, kingine kinapata nafasi ya kuotesha uvimbe. Tiba hakuna. Chanjo ilitakiwa wakiwa vifaranga wa siku moja. Nitenge wagonjwa, nisiingize kuku mgeni. Shemeji akaitikia kwa kichwa kila neno, utadhani kalitunga yeye.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepata! Mafahali wawili hawakai zizi moja. Virusi je? Hicho cha pili bado ni kinyonge. Kikiongezewa nguvu vitapigana vyenyewe, kuku apone. Fundi cherehani jirani ana kuku watatu wagonjwa, vichwa vimepauka kama karatasi: bila shaka ni hicho cha pili. Akauliza nawatakia nini. Nikamjibu: utafiti. Nimewaingiza bandani mke wangu akiwa kazini.

Jumanne, 26 Machi
Wamekufa kumi na mmoja. Uvimbe umefika hadi moyoni. Daktari akawaona wale watatu, akauliza ni wa nani. Nikamtazama shemeji. Mke wangu akanitazama mimi.
Daktari akasema virusi havigombani, vinasaidiana. Kimoja kinafungua mlango, kingine kinaingia.
Mke wangu hakufoka. Alimpakata yule mwekundu, kuku wake wa kwanza, akakaa naye kizingitini mpaka akakata roho. Kisha akasema, “Mume wangu, usiwaguse kuku wangu tena.” Iliniuma kweli.

Jumatano, 27 Machi
Waliobaki wamechinjwa na kufukiwa. Banda limeoshwa kwa dawa, ufunguo kapewa shemeji. Siku nzima nimetafuta kosa langu. Nimelipata: virusi vilikuwa viwili, ndiyo maana vilielewana. Penye watatu hapakosi ugomvi! Nimemuuliza muuza mayai kama anamjua mtu mwenye kuku wanaokohoa. Anamjua. Ufunguo wa akiba ninao.