Mkwe Amekuja Kuiona Nyumba Yangu ya Likoni

Leo nimeadhirika. Tena si kuadhirika kwa kujikwaa njiani ukajifuta vumbi ukaenda zako. Kaeni, agizeni chai, na wewe Barasa usianze kucheka, sijafika popote.

Mnajua nimenunua nyumba Likoni. (Mtaachaje kujua? Tangu niinunue sina mazungumzo mengine. Hata bwana mkubwa wa bandarini nimemweleza, naye hakuniuliza.) Nyumba ya kienyeji hasa: kuta za mawe na udongo, kibaraza mbele, paa la makuti, mlango wa mbao nzito wenye nakshi. Mzee Omari alihamia kwa bintiye kisiwani, akaiuza, nami nikaidaka. Kwetu Maragoli walinionya: "Huko pwani ni nchi ya Sultani. Utanunuaje nyumba ugenini?" Nikawaona washamba. Nikawapelekea habari kwamba sasa nina nyumba, shamba na msitu wa minazi. (Msitu wenyewe ni minazi sita.)

Basi msitu ukamleta baba mkwe. Jana ameshuka kwenye treni na mama mkwe, na hakuficha kilichomleta. Akiridhika na mali yangu, mke wangu Rebeka abaki. Asiporidhika, anarudi naye bara.

Nanyi mwajua mila zetu. Mama mkwe humtazami usoni, humpi mkono, hukai naye chumba kimoja. Tangu jana nazunguka nyumba yangu kama mwizi: akitokea mlango wa mbele, mimi nachomokea uani. Salamu anapeleka Rebeka. Heshima tupu!

Leo tulipotoka kanisani, mama mkwe akaingia chumbani kupumzika. Mimi nikamchukua baba mkwe kumtembeza. Mzee huyu alikuwa askari wakati wa vita, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina kona.

"Shamba hii yako?"

"Yangu, baba."

"Miti hii?"

"Yangu."

"Kisima?"

"Changu." (Kisima ni cha msikiti. Hilo nalijua vizuri. Lakini ulimi ulikuwa umeshashika mwendo.)

Akainua uso akatazama minazi kwa muda. "Mimi nataka kunywa hiyo maji ya ndani."

"Madafu! Ngoja nimwite mkwezi."

"Mkwezi ni nini?"

"Mtu wa kupanda minazi, baba."

"Mti yako, miguu yako. Mtu ya nini?"

Mimi mara ya mwisho kupanda mti nilikuwa mtoto, na ulikuwa mpera. Nikauchagua mnazi ulioinamia paa la nyumba, nikiuona kama mvivu mwenzangu. Nikavua viatu. Suruali ya kanisani nikabaki nayo, maana mbele ya mkwe huwezi kupanda mti na kaptula. Nikakanyaga vidato vilivyochanjwa kwenye shina, kimoja baada ya kingine, kifua kikisuguliwa na gome kama nazi kwenye mbuzi ya kukunia. Nikafika usawa wa paa. Nikafika juu zaidi. Nikajiona mwanaume kamili.

Hapo nikatazama chini. Jamani, hicho si kitu cha kufanya.

Nikawa nimeukumbatia mnazi, sipandi, sishuki. Na wakati huohuo ndipo Bi Mwanaisha, jirani yangu, alipokuja kuwaamkia wageni, yuko na Mzee Bakari wa nyumba ya pili.

"Hujambo, mwanangu?" akaniita kutoka chini, taratibu, kana kwamba amenikuta kibarazani.

"Sijambo, bibi! Shikamoo!"

"Marahaba. Wageni wamefika salama?"

"Salama, bibi!"

"Alhamdulillahi. Na huko juu wafanya nini?"

"Naangua madafu yangu!"

Akamtazama Mzee Bakari. Kisha akauliza kwa upole, "Yako?"

Laiti angepiga kelele za mwizi. Laiti angenirushia mawe! Lakini wapi, Bi Mwanaisha ana adabu. Akanieleza polepole, neno kwa neno, kama anayemfundisha mtoto kula kwa mkono wa kulia.

"Mwanangu, nyumba ni yako, Mungu akubarikie nayo. Minazi ni yangu mimi, nimeachiwa na marehemu mume wangu. Na kiwanja ni cha Mzee Bakari huyu. Mzee Omari hakukwambia?"

Aliniambia. Wallahi aliniambia. Alisema, "Nakuuzia nyumba," nami kwetu bara mtu akisema nyumba huwa pamoja na ardhi iliyo chini yake na kila kinachoota juu yake. Nani angefikiri kwamba huku nyumba ina mwenyewe, ardhi ina mwenyewe, na mti nao una mwenyewe, na wote wanaamkiana vizuri tu kila asubuhi?

Baba mkwe akashika kiuno. "Kwa hivyo hii kijana iko na nini?"

"Kuta na makuti," akasema Bi Mwanaisha.

"Na mlango," Mzee Bakari akaongezea ili kunisaidia. "Ule mlango ni mzuri sana."

"Wewe Jafeti!" baba mkwe akanguruma. "Shuka!"

Nikajaribu kushuka. Nikasikia *chaaa!* Suruali, kutoka kiunoni mpaka karibu na goti, kwa nyuma. Na chini yangu wako baba mkwe, Bi Mwanaisha, Mzee Bakari, na majirani ambao sijui walizuka wapi. Nikafikiri haraka. (Hapo ndipo huwa naharibu.) Nikaona nikanyage paa, nitambae mpaka upande wa pili, niteremkie uani bila kuonekana.

Makuti yale ni ya enzi ya Mzee Omari akiwa kijana. Nilikanyaga hatua ya kwanza. Ya pili sikuikanyaga, nilikuwa nimeshaingia ndani.

Nimetua juu ya gunia la njugu walilokuja nalo kutoka bara. Vumbi likatanda chumbani. Lilipotulia, nikamwona mama mkwe ameketi kitandani mbele yangu, sahani mkononi, tonge halijafika mdomoni. Mimi chini, makuti kichwani, suruali haina nyuma. Siku mbili nimemkimbia mama huyu kwa heshima zote, nikaja kumtembelea kwa kupitia paani.

Rebeka alikuwa amemfundisha neno moja tu la Kiswahili, awajibu majirani wakipiga hodi. Mama mkwe akarudisha tonge sahanini. Akanitazama. Kisha kwa mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye, akanisemesha.

"Karibu."

Baba mkwe amecheka mpaka akakaa chini, juu ya ardhi ya Mzee Bakari. Bi Mwanaisha amemletea madafu kwa ridhaa yake, akanywa yote, akajipangusa mdomo, akatoa hukumu.

"Rebeka itabaki. Hii mtu ikiachwa peke yake itakufa."

Sasa baba mkwe hataki kuondoka mpaka aone paa limezibwa. Bi Mwanaisha atanipa makuti mapya, kutoka minazi yake. Yake, nimesema. Kwa hivyo kesho tukitoka kazini nataka wawili wenu mvuke feri mje mniezekee: mmoja anayejua kupanda, na wote wawili wasiojua kucheka.

Barasa, wewe usije.