Chujio la Daktari wa Meno

Bwana Taratibu alisikia mngurumo kabla hajafika mlangoni. Ulitoka dirishani kwa daktari wa meno, na mpita njia yeyote angedhani ndani kuna mtu anatobolewa jino. Wengi walidhani hivyo hasa. Wagonjwa wawili walikuwa wakitoka, mmoja ameshika shavu, akisema atarudi kesho kwa sauti ya mtu asiyerudi.

Taratibu hakudhani. Alijua. Hilo lilikuwa chujio la tangi la samaki, tena kubwa, la bei mbaya.

Jina la Taratibu alipewa na watu aliowahi kuwauzia vitu. Hakumharakisha mtu kamwe, na alipokudhulumu alikusikitikia kuliko ulivyojisikitikia mwenyewe. Siku hiyo alikuwa na shida ya kweli. Meneja wa hoteli ya mtaa wa pili alikuwa amemwahidi kazi ya kudumu ya kutunza tangi la mapokezi, kazi yenye sare na ufunguo wake, kwa sharti kwamba aje na chujio kubwa kabla ya saa nane mchana. Saa tano ilikuwa imeshapita, na yeye mkobani alikuwa na chujio dogo tu, zima na kimya, la kuwaonyesha wateja.

Mapokezi alimkuta mama wa makamo mwenye miwani, shangazi yake daktari. Wagonjwa wote nao walimwita Shangazi.

"Nimesikia mtu anaugulia humu ndani," alisema Taratibu, akavua kofia.

"Wote humu wanaugulia, baba. Ndiyo kazi yetu."

"Huyu yuko chini ya samaki."

Alipiga magoti, akafungua kabati lililobeba tangi. Chujio lilikuwa kopo jeusi lenye ukubwa wa ndoo, mota kwenye mfuniko, mipira miwili ikipanda majini. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye mfuniko na mpini sikioni, akafumba macho. Kisha akayafumbua na kutazama ndani ya tangi, na hapo ilibidi ajizuie asitabasamu. Jiwe la kutoa mapovu lilikuwa limelala kwenye mdomo wa bomba la kunyonya maji. Chujio lilikuwa linameza hewa.

Dawa yake ni dakika mbili. Unalisogeza jiwe, kisha unaliinamisha kopo kushoto na kulia huku linafanya kazi, mpaka hewa itoke na kelele ikatike. Fundi mwaminifu angefanya hivyo na kuondoka na ahsante. Taratibu aliwaheshimu sana mafundi waaminifu, ila hakuona sababu ya kuwaongezea idadi. Aliogopa hata kuligusa lile kopo, lisije likapona mbele ya wenyewe.

"Poleni," alisema. "Limekufa."

"Limekufa na kelele zote hizo?"

"Hizo ni za kukata roho, Shangazi."

Daktari alitoka chumba cha ndani, barakoa kidevuni. "Wiki hii nimekimbiwa na wagonjwa tisa," alisema. "Wanafikiri ninatoboa mtu, kumbe nimekaa nakunywa chai. Haliponi kabisa?"

"Jino likioza mpaka kwenye mzizi, daktari, wewe unalifanyaje?"

"Nang'oa."

"Basi."

Taratibu akatoa lile chujio dogo kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto. Angewaachia hilo, bure, na kuwaondolea maiti yao.

Shangazi akavua miwani, akajifuta macho. "Liacheni hapo hapo. Nimelizoea."

"Shangazi, litawamalizia wagonjwa."

"Najua. Lakini moyo, baba. Labda ungetuwekea na mipira mipya, ningepata faraja."

Akaweka mipira mipya. Faraja haikutosha. Akakata sifongo, akaitandika chini ya chujio ili kabati lisitetemeke. Akasugua ukungu kwenye vioo vyote vinne, akaosha changarawe, mikono imelowa hadi mabegani. Mafundi wengi wanaolipwa hawajawahi kufanya kazi kwa bidii aliyoifanya tapeli huyu siku ile.

Alipoliunga lile chujio dogo na kuliwasha, chumba kizima kikawa kimya. Mgonjwa aliyekuwa anachungulia mlangoni akaingia na kukaa. Taratibu akalikumbatia kopo jeusi, akatoka kabla huzuni ya Shangazi haijarudi.

Hotelini, meneja alitazama saa, kisha kopo. "Fungua tulione."

Taratibu akafungua mfuniko kwa mara ya kwanza. Kwenye chujio la aina hiyo, feni ndogo yenye sumaku ndiyo inayosukuma maji. Ya humu sumaku yake ilikuwa imepasuka vipande viwili, na vipande vimeunganishwa kwa dawa nyeupe ya kuzibia meno, laini, iliyong'arishwa vizuri. Mhimili wake ulikuwa umevunjika na kufungwa kwa uzi wa kusafishia meno, mafundo matatu.

"Nani amefanya hii kazi?" meneja aliuliza.

"Daktari."

"Daktari wa nini?"

Taratibu alilitia maji, akaliwasha. Likanguruma mara moja, kitu cheupe kikaruka na kugonga mfuniko kwa ndani, likanyamaza moja kwa moja. Ilikuwa saa nane kasorobo, na meneja akasema hawezi kumwajiri mtu anayetunza samaki kwa meno ya bandia.

Aliporudi kwa daktari, viti vyote vilikuwa vimejaa. Samaki waliogelea kwa raha zao.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini, "lile chujio limevunjika ndani. Nirudishieni langu."

"Limevunjika?" Shangazi hakupunguza sauti. "Hilo tulijua. Fundi wa mwezi uliopita alikataa kulichukua hata bure. Lakini wewe, mwanangu, ulisema limekufa. Tukakuamini, tukakupa ukazike. Leo hii hii unarudi kulalamika kwamba marehemu ni mgonjwa?"

Wagonjwa wakacheka, hata mwenye shavu lililovimba, akilishikilia kwa mikono miwili.

Taratibu alitafuta jibu. Lilikuwepo moja tu la kweli, nalo lilimtaka akiri kwanza, mbele ya mashahidi kumi na mmoja, kwamba alipolichukua aliamini ni zima. Akavaa kofia, akawatakia afya njema.