Malalamiko Juu ya Bi Nhạn Kuacha Kututukana

Kwako Mzee Khiêm, mkuu wa mtaa,

Shikamoo mzee. Ni mimi Tuất, fundi pancha wa kona ya kichochoro namba 41, yule ukimuuliza kitu mkutanoni anaangalia viatu. Mdomo unanigomea, ndiyo maana naandika. Shule niliishia darasa la nne, utanivumilia mwandiko.

Namshitaki Bi Nhạn, muuza tambi za bata. Ameacha kututukana.

1. Miaka minane nakula kwake kila asubuhi, na kila asubuhi ananitukana vizuri tu. "We Tuất, unaagiza au unaungama? Bata mwenyewe alikuwa na sauti kukushinda." Nikiomba paja: "Mke huna, mchumba huna, paja la nini? Kula bawa." Nakula bawa, halafu chini ya tambi nalikuta paja. Hayo ndiyo maisha yangu mzee, sina mengine.

2. Tangu mwaka mpya wageni wa ng'ambo wametugundua. Heri yao. Wanapiga picha bakuli mpaka mchuzi unapoa, wanapiga picha ndimu iliyokwisha kukamuliwa. Matusi hawayaelewi, kwa hiyo Bi Nhạn kaona anapoteza pumzi, sasa anacheka nao. Meno yake nilikuwa sijawahi kuyaona.

3. Mgeni mmoja vijiti vya kulia vimemshinda, kaomba uma. Zamani mtu huyo angekimbizwa na upawa mpaka mtoni. Kapewa uma. Maana yake kazinunua, na sisi wa siku zote hatukuambiwa.

4. Jumatatu kaniwekea karatasi ya picha za vyakula, akasema, "Karibu mteja, utapenda nini?" Mteja. Mimi. Nikaonyesha bawa kwa kidole, kama mgeni. Likaja bawa. Nikapekua tambi mpaka chini kabisa, paja hakuna. Siku hiyo niliziba pancha tairi lisilo na tundu.

Kwa hiyo naomba kwa heshima mtaa upitishe amri: kila mgeni atukanwe si chini ya mara mbili kwa bakuli, na ofisi yako itafute mkalimani wa matusi, ili mtu akirudi kwao ajue alikula nini hasa. Asiyetukanwa asihesabiwe kuwa amefika Hanoi.

Wasalimie mama, wajukuu, na yule jogoo wako anayewika saa isiyo yake.

Kijana wako mtiifu,
Tuất wa pancha

Nyongeza: Barua nilikuwa naimalizia hapa hapa kwenye kigoda cha Bi Nhạn. Kapita nyuma yangu, kanipokonya, kaisoma mbele ya watu wote. "Miaka minane mdomo umeshonwa, leo unaufungulia kwa mkuu wa mtaa? Punguani. Mwandiko wenyewe kama kuku kanyeshewa. Mpelekee hivyo hivyo huyo Khiêm, mwambie kitambi kile hakikujazwa na wali wa mkewe peke yake, bata wangu wamo humo." Wageni wakapiga makofi. Nikaletewa bakuli ambalo sikuagiza, bawa juu. Amri isipitishwe mzee. Wageni waje tu, uma zipo. Nimepekua chini ya tambi: mapaja mawili.