Mikisa ya Chaneli Ishirini na Nne

Jumatatu, 6 Mei
Mjomba ametoa hukumu. Chumba cha nyuma ya karakana yake ya kuchomelea vyuma, ambacho mimi nakiita studio na yeye anakiita stoo, kimepata wagombea wawili. Binti yake, binamu yangu fundi cherehani, anakitaka kwa kushonea. Mimi nakitaka kwa dub. Jumapili mchana Mjomba ataingia na kigoda chake, akae, asikilize. Akisikia muziki, chumba changu. Akisikia kelele, cha binamu. Haki tupu. Nimeshashinda.

Dub, kwa wasiojua (binamu), ni kuuvua wimbo wa rege nguo zote ukabakiza besi na ngoma, kisha ukachukua kipande cha gitaa au cha mwimbaji ukakirusha kwenye mwangwi kikapotelee huko. Spika ninazo. Boksi la mwangwi ninalo. Kilichokosekana ni mikisa tu, meza ya kuchanganyia sauti, tena ile ya kizamani yenye vitufe vya kuzungusha. Dub inapigwa kwa vidole.

Binamu akauliza kwa nini nisitumie kompyuta kama watu wenye akili zao. Nikamuuliza mbona yeye hashoni kwa kompyuta. Akaniita Profesa. Shule niliiacha mapema, lakini jina nimelipokea.

Jumanne, 7 Mei
Kwa fundi redio. Ana mikisa mbili. Moja ndogo, chaneli nane, sura kama betri ya lori. Nyingine kubwa, chaneli ishirini na nne, mbavu za mbao, taa kama mji mzima, imetoka kwenye ukumbi uliofungwa. Moyo ulianguka kwa kubwa hapo hapo. Bajeti yangu: baiskeli.

Nikatumia ujanja. Nikajifanya naitaka ndogo, ili ile kubwa ionekane haina soko, ishuke bei. Nikaishika, nikaipapasa, nikasema hii ndiyo mashine ya wanaume. Fundi akafurahi. Akasema kweli kabisa kijana, kwa dub hiyo ndiyo yenyewe, kila chaneli ina vitufe viwili vya kupeleka sauti kwenye mwangwi, acha baiskeli uondoke nayo.

Sikulitarajia hilo. Nikakohoa. Nikauliza, kama mtu anayeuliza njia, na hili jidude je? Akaanza kueleza kwamba hilo alikuwa amelifungua ili... Nikainua mkono. Nikamwambia maelezo abaki nayo, nataka bei. Akasema baiskeli, na saa yako ya mkononi.

Nimempa. Fundi huyu hajui biashara.

Alhamisi, 9 Mei
Mikisa imefika kwa mkokoteni. Haipiti mlangoni. Tumeigeuza ubavu, tumeisimamisha, tumeipaka sabuni. Mwenye mkokoteni akasema yeye hulipwa kubeba, halipwi kuozesha bibi harusi. Akaenda zake.

Binamu alikuwa kaegemea ukuta na futi yake shingoni. Akasema, mimi nilipopima suruali ya Baba mwaka jana nilianza na kiuno, Profesa, wewe mlango hukuupima kwa nini. Msanii hapimi.

Mjomba alipotoka kununua vyuma vya kazi nyingine, nikachukua mashine yake ya kukatia chuma, nikaitoa grili ya dirisha. Mikisa ikaingia kama bibi harusi. Grili nimeiegesha mahali pake kwa nje. Ukiwa mbali hutambui.

Ijumaa, 10 Mei
Mjomba hakuwa mbali. Ametambua. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Akavaa miwani yake ya kazi, akairudisha grili na kuichomelea kote kote, nondo mara mbili ya zamani. Akasema, haya mpwa wangu, sasa hatoki hata mbu.

Jioni nimeunganisha nyaya. Nikatafuta vitufe vya mwangwi. Safu nzima imenyofolewa. Vimebaki vitundu tu, vimepangana vizuri kama meno ya mtoto. Kumbe ndiyo yale aliyotaka kueleza fundi. Angesema kwa sauti.

Jumamosi, 11 Mei
Nimepata dawa. Karakanani kuna tangi la maji jipya la mteja, refu kunizidi. Nimeingiza spika moja ndani yake, na maiki, na waya wa maiki nimeurudisha kwenye mikisa. Nikapiga kofi moja. Tangi likajibu kwa dakika nzima, au karibu. Nani anataka vitufe? Binamu akaniuliza huo uchawi umeuchomeka chaneli ya ngapi, akasema niandike kwenye plasta niibandike chini ya kitufe nisije nikasahau. Nikamwambia kichwa changu ndiyo plasta.

Jumapili, 12 Mei
Mjomba akakaa. Nikashusha besi. Nikaachia ngoma. Nikarusha gitaa tangini, likarudi limenenepa, linatetemeka. Nilimwona Mjomba akitingisha kichwa taratibu, na mguu pia. Binamu alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ningeishia hapo. Lakini kichwa cha Mjomba kinavyotingishika kinakuomba uongeze. Nikaongeza maiki. Sauti ikatoka kwenye spika, ikaingia kwenye maiki, ikatoka tena kubwa zaidi, ikajifukuza yenyewe mpaka tangi likaanza kulia kama ng'ombe aliyekwama. Mjomba akaonyesha kwa mkono, punguza. Nikapunguza. Chaneli ya tatu: si hiyo. Ya kumi na moja: si hiyo. Ya ishirini: nikaongeza. Zote zinafanana. Binamu kaziba masikio, anacheka mpaka machozi.

Mjomba akainuka akachomoa waya ukutani. Kimya. Akasema pale mwanzo palikuwa patamu, mpwa wangu, sikufichi. Kisha akamkabidhi binamu ufunguo.

Alhamisi, 16 Mei
Mikisa bado imo chumbani. Haina pa kutokea. Binamu ameilazia ubao juu, anakatia vitambaa, na mabobini ya nyuzi ameyapanga kwenye vitufe kwa rangi. Wateja wanamsifia meza. Nimemwomba fundi redio ushauri. Akasema ile ndogo bado ipo, nilete redio yangu tu. Nikamshukuru, nikamuuliza kule nyuma, chini ya turubai, kuna nini. Akavuta pumzi. Thelathini na mbili!

Nimeshajua kosa langu. Ishirini na nne zilikuwa chache.