Kufanywa Kijana Uzeeni

Kwa Msimamizi,
Makao ya Wazee Utulivu,
Kibaha.

Mwanangu Asteria,

Pokea salamu zangu pamoja na malalamiko haya, niliyoyaandika kwa adabu zote ingawa yamenikaa rohoni.

Mimi ni Shomari Seifu wa Mzenga, Kisarawe, mwenye miaka sabini na mitatu, niliyeletwa hapa na wanangu mwezi uliopita. Ulinikabidhi kwa Latifu, yule mshauri anayewasaidia wageni kuzoea, naye akaniambia nijisikie niko nyumbani. Namshukuru sana. Ila nyumbani mambo hayakuwa hivi.

1. Kule Mzenga mimi ndiye mkubwa wa kijiji. Kazi yangu barazani ilikuwa kuitikia marahaba tangu asubuhi hadi magharibi. Hapa nimekuta wote wamenizidi umri. Naamka, natoa shikamoo kitanda hadi kitanda, na anayeniamkia mimi ni Latifu peke yake, ambaye yuko kazini.

2. Natumwa. Bi Mwanamvua, mwenye miaka tisini na moja, ananiita kijana, na wala hatanii. Kijana, lete maji. Kijana, zima redio, mawaidha yamekwisha. Mzee Limbu, aliyefuga ng'ombe maisha yake yote, hunituma kila jioni nikahakikishe zizi limefungwa. Zizi hatuna, ng'ombe hatuna. Nakwenda hadi getini, narudi, namwambia wote wamo.

3. Juzi nilisema goti linaniuma, meza nzima ikacheka. Eti kwa umri wangu goti haliumi, linadeka.

Kwa hiyo naomba uniletee mgeni niliyemzidi miaka, hata kama bado hajazeeka vizuri. Ikishindikana, ofisi iniongezee miaka ishirini, mengine tutayaweka sawa akhera. Yote yakishindikana, nirudi kwangu. Nimeshampigia mwanangu Seifu, atakuja kunichukua Jumamosi.

Nisalimie wa jikoni wote na mlinzi wa getini. Latifu naye mwambie asinune, kosa si lake.

Ni mimi niliyeshushwa cheo,
Mzee (narudia, Mzee) Shomari Seifu

Tanbihi: Seifu akifika, mpe chai, kisha arudi salama peke yake. Kule Mzenga shikamoo zilikuwa nyingi, lakini waliozitoa walikuwa wanapita tu, na mchana mzima hakuna aliyenihitaji kwa lolote. Iliniuma kuliko goti. Hapa Bi Mwanamvua ameamka vibaya leo, hataki uji mpaka ashikiwe kikombe na kijana wake, na ng'ombe wa Limbu bado sijawaangalia. Seifu akiniulizia, mwambie nimetumwa.