Mkaguzi kutoka Marangu

"Wewe Shaibu unaitetea ile nyumba ya wazee kwa sababu unawauzia mkaa," alisema Josepha, mikono kiunoni. "Wale wazee hawatunzwi. Kikohozi cha mzee Augustino kinapenya ukutani kama kinataka kuhamia kwangu."

"Mzee akikohoa ni uzee, dada. Ulitaka aimbe?"

"Nataka ajifunike. Tajiri Harilal aliwaletea mablanketi mapya ya sufu, nimeyaona kwa macho yangu yakishushwa. Yako wapi? Masika yote hii wazee wanajifunika magunia ya mchele."

"Basi msubiri mkaguzi. Harilal kasema mwenyewe dukani kwake, wiki hii anatuma mtu aje aangalie kama sadaka yake inawafikia. Isipowafikia, Kasmir hana kazi."

"Mtu gani huyo?"

"Nitamjuaje mimi? Hata Kasmir hamjui."

Maneno hayo yalisemwa barazani Kariakoo, si mbali na Msimbazi, kwa sauti ya kufika Jangwani. Hayakuhitaji kwenda mbali hivyo. Chini ya upenu wa baraza hiyo hiyo, akijikinga mvua, alikuwa amesimama Seifu wa Gerezani, mtu ambaye kazi yake waliijua wale tu waliokwisha kuibiwa naye. Siku hiyo alivaa suti ya kaki iliyonyooshwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Ilikuwa ya karani mmoja wa bandarini. Dobi alikuwa amemwazima mpaka Jumamosi. Na katika mji huu, mtu mwenye suti ya kaki haulizwi anatoka wapi. Anaulizwa atakunywa nini.

Seifu akayafikiria yale mablanketi, akaitazama ile mvua, akavuka mtaa kwenda kupiga hodi.

Mlango ulifunguliwa na Kasmir, msimamizi wa nyumba ya wazee, mtu pekee aliyekuwa na tumbo katika nyumba nzima.

"Nimetumwa," alisema Seifu.

Hicho ndicho kilikuwa cheti chake chote, na kilitosha. Kasmir alibadilika rangi. "Na Harilal?"

"Wewe unadhani na nani?"

"Karibu, bwana mkubwa. Bwana nani vile?"

Seifu alikwisha kuisikia lafudhi yake ya Kichaga na kuiona rozari shingoni. "Gaudens," alisema. "Wa Marangu." Mlima Kilimanjaro alikuwa ameuona kwenye kalenda.

Uso wa Kasmir ukafunguka. Yeye alikuwa wa Kibosho, akaanza papo hapo kumwaga Kichaga. Seifu akainua kiganja. "Kazini Kiswahili, ndugu yangu. Wasije wakasema tunapendeleana."

Ukaguzi ukaanza. Ni kazi nzito hiyo. Uso unaukunja tangu mlangoni na huruhusiwi kuukunjua. Seifu aliyabonyeza magodoro ya makumbi kama mtu anayechagua papai. Akamwamuru mzee mmoja atoe ulimi, akautazama, akautikisia kichwa. Akafunua sufuria ya wazee, akaona maharage yakitafutana ndani ya maji, akaguna kwa huzuni ya kitaalamu. Mwisho akamwendea Bibi Anaeli, aliyekaa juu ya kigoda karibu na mlango.

"Shikamoo, bibi. Mnatunzwa vizuri hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Tunatunzwa kama viti vya kanisani. Akija mgeni tunafutwa vumbi."

Seifu akamvuta Kasmir pembeni. "Na mablanketi?"

Kasmir akashusha sauti. "Yako stoo. Nayahifadhi, yasichakae."

"Hapo naiona kesi, ndugu yangu."

"Gaudens, tumetoka mlima mmoja."

"Ndiyo maana nakusaidia. Nipe mimi niyaondoe. Harilal nitamwambia wazee wamejifunika mpaka wanatoka jasho. Na akija mwingine kuangalia, stoo atakuta panya."

Kasmir alikuwa amekwisha kuwapangia wateja yale mablanketi, lakini bora kuyapoteza hayo kuliko kazi. Akafungua kufuli, akamfungia mzigo kwa kamba, akamtwika begani, na kwa shukrani akamwomba angojee kuku aliyekuwa jikoni.

"Kuku siku nyingine," alisema Seifu, akielekea mlangoni.

"Bwana mkaguzi," aliita Bibi Anaeli bila kuinuka kigodani. "Nasikia wewe ni wa Marangu."

"Wa Marangu kabisa, bibi."

"Mungu mkubwa. Mimi Mpare wa Usangi."

"Hongera," alisema Seifu.

Nyuma yake Kasmir aliguna kama aliyekanyagwa. Yeye alikuwa Mchaga wa kweli, na Mchaga wa kweli anajua kwamba Mpare ni mtani wake. Mtani akikunyang'anya kitu humkasirikii. Unacheka, unamtukana kidogo, unakwenda zako mikono mitupu. Ila utani hauvunji kufuli. Kitu sharti kiwe mkononi mwako. Ndiyo maana tangu apewe nyumba ile, Kasmir hakuwahi kupita mbele ya bibi huyo ameshika kitu cha maana.

Bibi Anaeli akaushika mzigo. "Ahsante, mtani, kwa kuniletea blanketi."

"Hapana, bibi, huu ni ushahidi."

"Mwizi wa kahawa wewe, Mchaga alianza lini kubeba ushahidi? Tua."

Akavuta. Seifu naye akavuta. Wazee wakatoka kwenye magunia yao waje kutazama. Josepha na Shaibu walikwisha kujaa mlangoni.

"Niachie, bibi. Nitakasirika."

Kasmir alimwangalia Seifu kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka usoni. "Marangu kweli wewe?" aliuliza. "Mchaga gani anamkasirikia Mpare?"

Seifu hakuwa mjinga. Akiendelea kuwa Mchaga, mablanketi yanakwenda. Akiacha kuwa Mchaga, anabaki na Kasmir, Shaibu wa mkaa, na askari aliyekuwa akizunguka mtaa wa pili. Akacheka, kicheko cha mtu anayeng'olewa jino.

"Chukua, mtani."

"Na koti. Augustino ana baridi."

Koti likavuka.

"Na viatu."

"Bibi, hivi ni vya watu."

"Basi sijamkosea Mchaga. Lete."

Kasmir, kwa kujisahau, alicheka. Bibi Anaeli akamgeukia. Funguo za stoo bado zilikuwa zinaning'inia kidoleni mwake.

"Na wewe wa Kibosho unacheka nini? Hebu nione hicho kidole."

Josepha alikuwa anatazama, na maneno ya Josepha hufika dukani kwa Harilal kabla yake. Kasmir akatoa funguo, akacheka tena, safari hii machozi yakimlengalenga. Bibi akampa Josepha funguo azishike, akagawa mablanketi, kisha akaingia jikoni mwenyewe akifuata harufu ya kuku.

Mvua ilizidi. Seifu alisimama nje chini ya upenu, peku, akitunga maneno ya kumwambia dobi na asipate hata moja. Ndani, kikohozi cha mzee Augustino kilikuwa kimetulia ndani ya koti la karani na blanketi juu yake. Bibi Anaeli akatokeza kichwa, mwiko mkononi.

"Mtani, mbona unalowa? Utakwenda kusema Wapare tuna roho mbaya. Paja limeliwa, kidari kimeliwa, lakini shingo nimekuwekea. Karibu ndani ule."