Mate Matatu kwenye Kipaza Sauti

Jumatatu, 6 Novemba

Kumbe ni filamu! Wiki mbili nzima yule msichana Ilinca, nywele fupi kama kuruta, anazunguka makao yetu ya watoto na kamera. Nikadhani ni mkaguzi wa moto. Nikawa nafunika sufuria kila akipita.

Leo kaja jikoni, kanieleza. Watoto wetu wanazisema haki zao wenyewe, na kila mtoto anayelelewa mbali na wazazi ataielewa. Kiziwi atasoma ishara za mikono. Anayesumbuka kusoma atapata maneno mafupi. Asiyeona atasimuliwa kinachoonekana. Picha tayari. Imebaki sauti ya kusimulia, ya mtu mzima wa humu humu.

Kiazi kikanidondoka. Miaka kumi na tisa napika hapa, na sijawahi kuombwa kitu ila chumvi!

Ijumaa wakubwa wa ofisi ya watoto wanakuja kuitazama. Sânziana wetu, miaka kumi na miwili, haoni tangu kuzaliwa, ndiye anayeingoja zaidi. Kakake mdogo Octav alihamishiwa makao mengine. Miezi kumi na minne hawajakutana. Kalisema hilo ndani ya filamu, anataka wakubwa walisikie. Lakini Ilinca ana sharti: mtoto asipoiridhia filamu, haionyeshwi.

Veturia wa chumba cha kufulia naye anaitaka kazi ya sauti. Nimemwombea heri. Kisha nimemshauri, kidada kabisa, kwamba watu wa redio hunyamaza siku nzima kabla ya kusoma. Akinyamaza atakauka koo, atakoroma kama chura.

Jumanne, 7 Novemba

Kanyamaza. Hata salamu ya jirani hakuijibu! Jioni kafungua mdomo, sauti ikatoka kama kengele ya Pasaka. Mimi, niliyeshinda nikimsema kwa kila mtu, sauti imeisha.

Hata hivyo walioamua ni watoto. Naapa sijawahi kuona jambo kama lile. Ilinca kaketi sakafuni, kawauliza, kangoja. Mkurugenzi wa makao kasimama mlangoni. Mikono ikanyanyuka, mmoja mmoja. Wamenichagua mimi! Wamesema Veturia anasoma kama anayehesabu soksi. Sânziana katoa sababu yake: eti mimi, shangazi Aglaia, nikidanganya sauti inapanda, kwa hiyo ukweli utajulikana.

Nimeipokea kama sifa.

Jumatano, 8 Novemba

Siku ya Malaika Mikaeli. Nimewasha mshumaa, nimeingia chumbani kurekodi.

Ilinca kasema nitaje kinachoonekana tu, nisiongeze. Sawa. Akatokea Costel mdogo, mashavu kama tufaha. Nikasema ni mtoto mzuri. Nikatema: tfu, tfu, tfu! Ilinca kasimamisha mashine. Kaniuliza, shangazi, mate ya nini? Nikamuuliza, mwanangu, nimsifu mtoto wa watu bila kumtemea, kijicho kimpate, alale na homa, utamkesha wewe? Kavuta mkono wa sweta hadi vidoleni. Nimeona mwenyewe kiuzi chekundu cha kukinga kijicho chini ya saa yake!

Tukaendelea. Kila mtoto mate matatu. Penye picha ya shuka za chumba cha kufulia niliongeza kidogo kwamba mwanamke anayezikunja anazikunja vibaya. Hicho kimekatwa.

Alhamisi, 9 Novemba

Siku mbaya.

Sânziana kaja kuiridhia filamu. Kaketi, kiganja juu ya spika, anacheka kila nikitema. Ghafla kaacha kucheka. Kaomba irudishwe. Mara ya pili. Kisha kaniuliza, polepole:

“Shangazi, wote umewatemea. Kwangu umesema tu, msichana wa sweta ya buluu yuko dirishani. Mimi sina cha kuonewa kijicho?”

Nikajibu mashine ilikata. Akasema, “Sauti imepanda, shangazi.”

Imepanda kweli. Ilipofika picha yake nilikuwa nachungulia nje kama Veturia ananisikiliza. Kasema basi haridhii. Filamu haionyeshwi! Na Octav wake je?

Nimepiga magoti hapo hapo, nikaomba nirudie. Kafikiri sana. Kakubali.

Safari hii nikamtazama. Miaka sita namjazia sahani, Bwana, na sikuwa nimemtazama! Macho rangi ya moshi wa ubani. Kovu dogo la tetekuwanga juu ya nyusi. Midomo inayoanza kucheka kabla yeye hajaamua. Nikayasema yote. Nikatema hadi Ilinca akaleta kitambaa.

Sânziana kanigeuzia uso. Kisha kauliza, “Kovu? Liko wapi?” Nikaushika mkono wake, nikauweka.

Karidhia.

Ijumaa, 10 Novemba

Bwalo limejaa. Filamu inaonyeshwa ukutani. Watoto viziwi wanafuata mikono ukutani, midomo wazi. Wadogo wanasoma kwa sauti. Nilijihisi niko kanisani, ila hapa walioimba ni wale tunaowaambia kila siku wanyamaze.

Sânziana ukutani akasema: kumwona mdogo wangu si zawadi ya kutulia darasani, ni haki yangu.

Bibi mkuu wa ofisi ya watoto, mkoba magotini, uso wa mawe. Sauti yangu ikamtaja Sânziana, macho, kovu, midomo. Na kabla sijatema kwenye spika, yule bibi mwenyewe, gizani: tfu, tfu, tfu!

Taa zilipowaka kaomba faili la Octav. Mkurugenzi akaanza na habari za utaratibu. Bibi akamwambia, “Bwana, nimeomba faili.”

Jumapili, 19 Novemba

Octav kaja! Miaka minane, meno mawili hana. Sânziana kampapasa uso wote, kama asomaye. Akamwambia, “Umekuwa na masikio makubwa, wewe!” Octav akamjibu ni ya kumsikia yeye anavyokoroma. Tumelia jiko zima, hata Veturia. Nimemkumbatia kama dada.

Ilinca anatengeneza filamu ya pili, na anataka sauti mbili: yangu na ya Veturia. Barua ya kumwalika Veturia imepita mikononi mwangu kwanza. Nimemwandikia Ilinca jibu, kwa jina la Veturia, nikashukuru na kukataa kwa sababu ya mafua sugu. Mwandiko wake nauweza. Jumamosi nitaungama kwanza, moyo uwe safi, halafu Jumatatu niipeleke posta.